Aliyekikalia Kiti

Mto wa kiti ulikuwa umebonyea. Kwenye picha ulionekana wazi kabisa, umeingia ndani katikati na kuinuka pembeni, kama mto unavyokuwa mtu akiwa ameukalia, na juu yake hapakuwa na mtu.

Mwenye picha aliitazama, akakuna shingo, akasema ni kivuli. Mtu akitaka kitu kiwe kivuli, kitakuwa kivuli.

Siku za kazi mwenye picha huyo, mume wa mtu, alikuwa fundi wa lifti, mtu wa kupanda na kushuka bila kufika popote, kama mkewe alivyopenda kumtania. Mapumziko yakifika alikuwa mpiga picha, si wa kulipwa, wa mapenzi tu, na mapenzi yenyewe yalikuwa ya mahame: nyumba zilizohamwa, maghala yaliyoanguka paa, vituo ambapo treni haisimami tena. Alitumia kamera ya mkanda, nzito kama tofali, na stoo ya nyumbani ameigeuza chumba cha kusafishia picha, chenye taa nyekundu, trei za dawa, kamba ya kuanikia, na harufu ya siki iliyoingia mpaka kwenye mashuka. Mkewe aliiita kamera hiyo Bi Mdogo. "Bi Mdogo ameshakula?" alimuuliza kila akimkuta anafuta lenzi kabla hata hajanawa mikono. Walicheka wote wawili. Ukewenza wa kuchekea si ukewenza, mke alidhani.

Sasa hicho kiti. Mahame, alisema mume, ukiyapiga picha matupu ni kuta tu, yanataka mahali pa mtu. Kwa hiyo popote alipokwenda alibeba kiti cha kukunja na mto mdogo alioshonewa na mkewe, akakiweka katikati ya chumba, akarudi nyuma ya kamera. Na hapo ndipo lilipokuwa kosa lake. Ujanani alishinda kwenye studio ya mtaani akimtazama mpiga picha akiwabembeleza maharusi wenye haya, na mtindo ule ulimkaa mdomoni. Alikisemesha kiti.

"Kaa vizuri, mpenzi. Kidevu juu kidogo. Usiogope, nakuona. Mzuri kama wewe sijapata kuona."

Alisema hivyo ili mikono itulie, basi, kama mwingine anavyopiga mluzi akifanya kazi. Mkewe aliwahi kumsikia, siku waliyofuatana. Kwanza alicheka. Njiani kurudi akanyamaza, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amepigwa picha na mtu huyu mara nyingi, na kila mara alichoambiwa ni, "Hebu simama hapo nipime mwanga."

Mke alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Alishonea chumba cha mbele, dirisha wazi, wateja wakimpigia soga kutoka nje. Siku moja aliingia stoo kutafuta vibanio vya nguo, akainua macho kwenye kamba, na vibanio akavisahau.

Alimfuata mume mezani, picha mkononi ikiwa bado mbichi.

"Huyu nani?"

"Nani?"

"Usiniulize nani. Mimi ndiye niliyeuliza."

Katika picha ile mwanamke alikuwa amekikalia kiti cha kukunja, katikati ya chumba kisicho na paa, mgongo kwa kamera, shingo imenyooka. Mume alisukuma sahani pembeni. Aliposema, alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa na chumba cha pili.

"Haki ya Mungu sikumwona. Nilipiga kiti. Mkanda nilipousafisha, alikuwepo."

"Kwa hiyo alikuja akakaa mwenyewe."

"Mwanzo ulikuwa mto tu. Safari iliyofuata, pindo la nguo. Nikadhani mkanda umeharibika."

"Ukadhani, ukaninyamazia."

Fundi aliipeleka picha dirishani, na hapo ndipo alipoinamia tena, si kwa ajili ya mwanamke bali kwa ajili ya nguo. Gauni lile lilikuwa lake. Alijikatia mwenyewe kutoka kitambaa alichokiweka muda mrefu, la kola pana inayolala mabegani, na lilikuwa bado mezani, vipande vipande, limeshikizwa kwa pini, kwa kuwa kola ilikuwa imemshinda. Alikwenda kutazama. Vipande vilikuwepo vyote. Kwenye picha gauni limekwisha, na kola imelala kama ilivyotakiwa kulala. Wivu ulimpanda mara mbili, kwanza kama mke, halafu kama fundi, na asingeweza kusema upi ulimuuma zaidi.

"Kesho tunakwenda wote," alisema. "Kiti hicho nitakikalia mimi."

Walikwenda mchana kweupe, kwenye nyumba zilizokuwa za wafanyakazi wa reli. Magugu yalikuwa yamefika madirishani, na ndani sakafu ilikuwa safi, safi kuliko inavyopaswa kuwa sakafu ya mahame. Mume alikunjua kiti kivulini. Fundi akakaa, akashtuka. Kilikuwa na joto, lile joto la kiti ambacho mtu amekiacha sasa hivi.

"Kuna nini?" mume aliuliza.

"Hakuna. Piga."

Aliinamia kamera. Fundi alihisi uzito ukimshukia mapajani, taratibu, bila haraka, kama anavyokaa mgeni anayejua kwamba amealikwa, akataka kuinuka na magoti hayakumtii, akataka kusema na ulimi ukabaki palepale, na puani ikamjia harufu ya mafuta ya nywele, mafuta yake mwenyewe anayojipaka kila asubuhi, lakini yakitoka kwenye kichwa kilichokuwa mbele ya uso wake ambacho macho yake hayakukiona.

"Kidevu juu kidogo, mpenzi," mume alisema kutoka nyuma ya kamera.

Kwa hofu yote aliyokuwa nayo, moyo wake ulifurahi. Alikuwa ameyangoja maneno hayo miaka. Akainua kidevu.

"Hapo hapo. Usiogope, nakuona." Halafu, kwa sauti nyingine, ile ya nyumbani: "Na wewe, mke wangu, hebu sogea kidogo. Unamziba."

Alipomuuliza njiani, mume aliapa hakusema hivyo. Alimtazama kwa mshangao wa kweli, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Walipofika walijifungia stoo. Chini ya taa nyekundu mume alitumbukiza karatasi kwenye trei na kuitikisa polepole, na picha ikaanza kupanda, kwanza kuta, kisha dirisha, kisha miguu ya kiti, kisha gauni na kola yake. Safari hii mwanamke ametazama mbele. Uso uliumbika kidogo kidogo ndani ya dawa, macho, pua, mdomo, mpaka Fundi akajiona yuko pale chini akijitazama.

"Si wewe huyu?" mume alinong'ona. "Tumejitia hofu bure. Ni wewe."

"Mimi sikuvaa gauni hilo."

"Mwanga tu..."

"Na mimi sikucheka. Nilikuwa natetemeka. Mtazame anavyokuchekea."

Mwanamke wa kwenye trei alimchekea mpiga picha kwa macho yaliyolegea, macho ya mke aliyeridhika, na Fundi aliona haya kuyatazama. Hapo akagundua kuwa harufu ya siki imekatika, ile harufu ambayo haikuwahi kutoka chumba kile hata mlango ukiwa wazi siku nzima, na badala yake yamejaa mafuta ya nywele, mazito mpaka kooni, na kwamba wao ni wawili lakini pumzi anazozisikia ni tatu, ya mume ya haraka, yake mwenyewe iliyokatikakatika, na nyingine katikati yao, ndefu, tulivu, inayoingia na kutoka sambamba na mkono wa mume unaotikisa trei.

"Mume wangu, washa taa."

"Picha itaungua."

"Nakuomba. Washa taa."

"Ngoja kidogo," alisema, na hakuyatoa macho kwenye trei. "Tangu nianze kupiga picha sijapata nzuri kama hii."

Fundi alifungua mlango mwenyewe. Picha iliungua ikawa nyeusi.

Tangu siku hiyo nyumba ikawa ya watu watatu. Fundi akiwa jikoni alisikia cherehani ikilia chumba cha mbele, mshono mrefu usiokwama, kisha mkasi ukiwekwa juu ya meza. Akienda, hapana mtu, na vipande vya gauni vimepungua pini. Mume alirudi kutoka kazini akapita mlango wa chumba kile, akasema kwa upole, "Pole na kazi," na Fundi alikuwa nyuma yake na ndoo mkononi. Mezani alianza kumsogezea chumvi mtu wa upande wa pili. Fundi akimsemesha, alimtazama kwa kukunja macho, kama mtu anayetazama kitu kilicho mbali na ukungu. Mwishowe gauni lilikutwa limetundikwa ukutani, limekwisha. Fundi hakuthubutu kulijaribu, maana aliogopa kuona kwamba halimtoshi.

Mdogo wake Fundi alikuwa muuguzi wa hospitali, si mtu wa kuamini mambo ya majini, lakini alipomwona dada yake alivyokonda alikwenda mwenyewe kumleta mganga. Mganga huyo alikuwa mama mfupi, mkali, asiyependa salamu ndefu. Alizunguka vyumba vyote, akatoka stoo akifuta pua.

"Bwana, ulimwambia nini?"

Mume aliona haya mbele ya shemeji yake. Aliyarudia maneno huku ametazama sakafu.

"Basi," mganga alisema. "Umemkaribisha, umemkalisha, umemsifu. Mwenzako anajua ameolewa. Mimi nitamfungulia mlango tu, kumtoa utamtoa wewe, kwa mdomo wako, na moyo wako uwe nyuma ya mdomo. Unamtaka mkeo?"

"Namtaka."

"Sema tena."

"Namtaka mke wangu."

Fundi aliyasikia, akayaamini. Mganga alikiweka kiti katikati ya chumba cha mbele, akafunga dirisha, akatia ubani kwenye makaa. Dada na mdogo wake aliwageuza wautazame ukuta. Mume alimketisha kuelekea kiti. "Na hicho kidude weka chini. Utamtazama kwa macho yako." Mume aliiweka kamera sakafuni, karibu na mguu wake.

Mganga alianza kusoma kwa sauti ya chini, na kwa muda halikuwepo lolote ila moshi, halafu kiti kikalia, mlio mdogo wa kitambaa kinachobeba uzito, na yale mafuta ya nywele yakaushinda ubani, na Fundi akiwa ameukazia macho ukuta akamsikia mwanamke akivuta pumzi nyuma yake, akasikia gauni likichakarika, akajua bila kugeuka kwamba ameweka mikono mapajani na kuinua kidevu anangoja kusifiwa, na mdogo wake, yule asiyeamini, akaushika mkono wake kwa nguvu mpaka kucha zikaingia.

"Sema," mganga alinong'ona.

"Inuka," mume alisema. "Mimi nina mke. Inuka, uende."

Kiti kililia tena. Aliinuka. Nyayo tupu zilikwenda kuelekea mlangoni, polepole, na harufu ikaenda nazo, na Fundi akahisi kifua kikifunguka kama dirisha. Mlangoni nyayo zikasita.

Ndipo aliposikia mlio mwingine, mdogo, mkavu. Aliujua mlio ule kuliko alivyojua jina lake. Mume alikuwa amebonyeza kitufe cha kamera.

Mganga alinyamaza katikati ya neno. "Umefanya nini?"

"Aligeuka," mume alisema. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Aligeuka akanitazama, na nisingemwona tena."

"Umemfukuza kwa mdomo, ukamshika kwa mkono." Mama yule alimwaga maji kwenye makaa, akakusanya vitu vyake. "Mimi hapa sina kazi tena. Na wewe, mwanangu," akamwambia Fundi, "usilale humu."

Fundi hakugombana. Alichukua mkasi wake na nguo chache, akaondoka na mdogo wake. Mume alikuwa ameshaingia stoo.

Kwa mdogo wake alilala usingizi wa kweli, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Asubuhi alikuwa anakunywa chai, mdogo wake amekaa mbele yake na sare za kazi, simu ikalia. Alikuwa jirani, yule wa nyumba inayotazamana na dirisha lake, mpenda habari, mwema.

"Fundi, nimefurahi mmepatana. Watu walishaanza kusema."

"Nani kakwambia tumepatana?"

"Aniambie nani, na macho ninayo? Si wewe huyo hapo kwenye cherehani? Nimekupungia mkono sasa hivi, ukanipungia. Ila mbona simu huna mkononi? Umeweka spika?"

Fundi aliinuka kitini. Mdogo wake alimwuliza kwa macho kuna nini. Alikuwa na mambo mengi ya kumwambia jirani, amwambie afunge mlango, amwambie asipunge mkono tena. Akauliza lingine.

"Mume wangu yuko wapi?"

"Yupo hapo hapo, kasimama mlangoni." Jirani alicheka kidogo, cheko la kumfurahia mwenzake. "Anakutazama tu, mwenzangu. Tena leo hana hata kamera."

Fundi aliiweka simu mezani. Hofu ilimjia baadaye. Kilichomfika kwanza kilikuwa wivu, na alilia kwa wivu huo mbele ya mdogo wake, bila kuweza kumweleza.