Kumbukumbu Mpya na Kitambaa cha Mama Hadiya

Nyumba ya Lukman na mkewe Sihaba iko Igogo, karibu na ziwa. Chumba cha mbele kina kazi mbili. Dirishani kuna cherehani ya Sihaba. Ukutani kuna kompyuta ya Lukman. Vijana hulipa kidogo, wakacheza gemu la mpira. Kwa hiyo chumba kina kelele mbili: tra-tra-tra ya cherehani na "goooli!" ya vijana.

Siku hizi imeongezeka kelele ya tatu. Hiyo ni ya Lukman mwenyewe.

"Imeganda tena!" alifoka Jumatatu asubuhi. "Nimebaki mimi na kipa. Kipa tu! Mpira ukaganda hewani. Ulipoachia, nimeshafungwa mimi!"

"Pole," alisema Sihaba bila kuinua macho. "Hata jana uliganda. Labda mpira umekuchoka."

"Ni kumbukumbu, Mama Hadiya. Kumbukumbu haitoshi."

Sihaba alisimamisha cherehani. Neno hilo lilikuwa limemfika hapa, kooni.

Kumbukumbu ni ile sehemu ya kompyuta ambayo mafundi huiita RAM. Mwaka jana Lukman aliiongeza mara ya kwanza. Gemu likachangamka kweli. Mwezi uliopita akaiongeza mara ya pili, kwa pesa ya bati za jiko. Hapakubadilika kitu, ila jiko liliendelea kuvuja. Sasa alitaka kuongeza mara ya tatu. Safari hii alikuwa ameitafutia mnunuzi cherehani ya mkewe. Mnunuzi huyo alikuwa Dorotea, mshonaji wa Misungwi. Angefika siku hiyo hiyo, saa kumi jioni.

"Cherehani aliyoniachia mama yangu," alisema Sihaba. "Iuzwe ili mpira usigande."

"Ni kwa muda tu! Jumamosi vijana wa Kamanga wanavuka ziwa kuja kushindana na wetu. Kompyuta ikiganda mbele yao, hawarudi tena. Nitakununulia cherehani nyingine."

"Kama ulivyoninunulia bati?"

Lukman akakohoa. Hakuwa na mafua.

"Hodi!" sauti iliita mlangoni. Alikuwa Ng'washi, msichana fundi wa kompyuta. Ana meza yake pale sokoni. "Shikamoo baba. Shikamoo mama. Gauni langu limeisha?"

"Marahaba. Limebaki pindo," Sihaba alijibu. "Ngoja nilimalize sasa hivi. Kufika jioni nitakuwa fundi asiye na cherehani. Muulize huyu kwa nini."

Lukman alieleza yote. Ng'washi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Baba Hadiya, nani kakuambia uongeze tena?"

"Muuza RAM, kule mjini. Kasema gemu litakimbia kama swala."

"Ukimuuliza muuza viatu kama unahitaji viatu, atakuambia una miguu mitatu! Mimi nipo hatua chache tu kutoka hapa. Mbona hukuja?"

"Aa, wewe ni wa juzi tu. Ulikuwa unakuja hapa kushonewa sketi ya shule."

"Nilikua, baba. Watu hukua." Ng'washi alivuta kigoda. "Mama, ukikata gauni unalitandaza wapi?"

"Mezani."

"Meza ikiwa ndogo?"

"Nahangaika. Naweka kipande hiki sandukuni, natoa kile. Kutwa nzima nainama na kuinuka."

"Kumbukumbu ndiyo meza. Gemu linatandaza vitu vyake hapo. Ikiwa ndogo, kompyuta inakimbiakimbia sandukuni. Hapo kuiongeza kunasaidia sana. Sasa tuseme meza inatosha. Nikikuletea meza nyingine, cherehani itashona haraka zaidi?"

"Itashona haraka na nini? Meza haina sindano."

"Umesikia, baba?"

Lukman alitazama dari.

"Tupime," alisema Ng'washi. "Tusinunue kwa kubahatisha."

Alifungua gemu, kisha dirisha dogo la kwenye skrini linaloonyesha kompyuta inatumia nini. Lukman akacheza.

"Ona hapa. Una kumbukumbu GB kumi na sita. Gemu na vingine vyote vimetumia saba tu. Mwaka jana ulikuwa na nne, hazikutosha. Ulipofikisha nane, zikatosha. Hizi za mwezi uliopita hazina kazi."

"Sasa zinafanya nini humo ndani?"

"Zimekaa zinakutazama ukifungwa."

"Yaani bati za jiko langu," Sihaba alisema polepole, "zimekaa humo zinamtazama akifungwa."

Lukman alijifanya anapiga kona.

"Baba, huwa inaganda tangu mwanzo wa mchezo?" aliuliza Ng'washi.

"Hapana. Kipindi cha kwanza iko sawa. Kipindi cha pili ndiyo inaanza mambo yake. Kama hivi! Ona! Imeganda!"

Ng'washi aliinama chini ya meza. Boksi la kompyuta lilikuwa limesukumwa mpaka ukutani. Juu yake kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua, kimening'inia pande zote. Alikigusa.

"Mama wee! Hapa unachemsha chai. Nani kaifunika hivi?"

Lukman aligeuka taratibu kumtazama mkewe. Alikuwa ameingoja siku hiyo kwa muda mrefu.

"Ni mimi," alisema Sihaba. "Nazuia vumbi. Redio nimeifunika, televisheni nimeifunika. Kitu cha thamani hakikai uchi ndani ya nyumba yangu."

"Redio sawa, mama. Hii inavuta hewa ipoe. Ukiiziba, joto linapanda. Likizidi, mashine inajipunguzia kasi yenyewe isiungue. Ndiyo maana inaganda kipindi cha pili. Inakuwa imeshapata moto."

Ng'washi alizima kompyuta, akachomoa waya wa umeme, akafungua boksi. Wote watatu walirudi nyuma. Vijidudu vya ziwani, vile vinavyotanda kama moshi, vilikuwa vimejaa kwenye feni. Vilikuwa vimeshikana na nyuzi za cherehani mpaka vikawa donge.

"Hapa unapata vitumbua viwili," alisema Lukman.

"Shika brashi ya rangi," alisema Ng'washi, "iwe kavu. Zuia feni kwa kidole isizunguke. Fanya hivi kila mwezi. Vijidudu vikija vingi, fanya kila wiki."

Lukman akasugua mpaka donge likaisha. Walilifunga boksi, wakaliweka juu ya kigoda, mbali na ukuta, bila kitambaa. Lukman akacheza mchezo mmoja. Akacheza wa pili, mpaka mwisho. Mpira haukuganda hata mara moja.

"Na kama lisingekuwa joto?" aliuliza.

"Tungepima kingine. Labda kadi ya picha, ile inayochora wachezaji. Pima kwanza, nunua baadaye. Na usimuulize muuzaji peke yake."

Saa kumi Dorotea alifika. Alimkuta Sihaba kwenye cherehani, tra-tra-tra.

"Haiuzwi, dada. Nisamehe sana."

"Haiuzwi? Nimetoka Misungwi na jua lote hili!" Dorotea aliketi kwa hasira. Kisha macho yake yakatua kwenye kitambaa cheupe kilichokunjwa. "Na hicho? Umefuma wewe?"

Dorotea aliondoka na kitambaa, akaagiza vingine sita. Malipo yake yalitosha kununua bati moja la jiko. Sihaba alimsindikiza hadi barabarani, akimsisitizia, "Kwenye kochi, dada. Kochi tu!"

Jumamosi vijana wa Kamanga walicheza kutwa. Mashine ilienda kama maji. Jioni Lukman naye akaomba acheze na mmoja wao. Alifungwa matano bila.

Alijikuna shingo. "Unajua, Mama Hadiya, nadhani..."

"Meza inatosha," alisema Sihaba, "na feni ni safi. Aliyebaki ni wewe."