Harufu ya Utosi

Siku hiyo nilikuwa nafua. Naanzia hapo kwa sababu watu wakisikia habari hii wanadhani ilianza na radi na paka weusi. Hapana. Ilianza na beseni la nepi, jua kali, redio ya jirani, na mume wangu anaingia getini amekumbatia mfuko wa karatasi kana kwamba ndani kuna yai.

"Mama Kidoti," akaniita. "Nimeipata!"

Sikuuliza nini. Mume wangu ni fundi wa mashine za fotokopi, wino umemwingia mpaka chini ya kucha, lakini akitoka kazini anageuka bingwa wa pafyumu. Ana kundi lake kwenye simu, wanaume wazima na ndevu zao, wanaandikiana mchana kutwa ati hii inaanza na limau inamalizia na ngozi, hii inakaa, hii haikai. Mimi nimefika kidato cha nne na Kiswahili nilifaulu, lakini mpaka leo sijui mtu mwenye akili zake anasemaje kwamba harufu ina huzuni kidogo. Niliwabatiza Wazee wa Pua. Na walichokililia kuliko vyote ni pafyumu moja ya kiume ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza tangu mimi niko shule ya msingi. Kila mpya ikitoka, lazima mmoja wao agune: "Si kama ile."

Basi ile ndiyo hiyo. Chupa nene ya mraba, kioo rangi ya chai, kifuniko kimechubuka, imebaki nusu. Kaipata kwa mama mmoja mshonaji, mjane, aliyekuwa anaondoa vitu vya marehemu mumewe.

"Kaniambia kitu kimoja tu," mume wangu akacheka. "Nijipake mwenyewe, nisimpake mtu mwingine. Wajane bwana! Wivu mpaka kwa chupa."

Na mimi nikacheka. Nikarudi kwenye nepi zangu.

Sasa sikia ujinga wao. Hao Wazee wa Pua wanasema pafyumu hainuswi kwenye chupa, inanuswa kwenye ngozi, na ngozi iwe haina kitu kingine. Siku hiyo mume wangu alishajipaka nyingine viganja, mikono mpaka viwiko, alikuwa ananuka kama duka zima. Asubiri akaoge? Aa. Nilipogeuka kutoka kwenye kamba ya nguo nikamkuta kampakata Kidoti, binti yetu, hata kutambaa hajajua vizuri, kamshika kimkono kakiweka puani, na macho kafumba.

"Umefanya nini?"

"Tone moja tu. Ngozi ya mtoto haina kitu, ni safi. Nimeipata yote, mke wangu. Yote!"

Nilisonya mpaka jirani akapunguza redio. Nikamnyang'anya mtoto, nikamsugua kimkono kwa sabuni na maji ya vuguvugu mpaka harufu ikaisha kabisa.

Kesho yake ilikuwa kwenye kiwiko.

Nikaosha. Ikahamia begani. Nikamwambia baba yake, umempaka tena, akaapa kwamba hawezi kupoteza hata tone, na hilo nililiamini, maana ubahili wake kwa ile chupa niliujua. Nikaosha bega. Ikaenda shingoni.

Na Kidoti akaacha kulia. Mtoto aliyekuwa anapiga kelele mtaa mzima ujue ana njaa, sasa kimya. Nikimlaza mkekani anatazama juu, nyuma yangu, pale kwenye pembe ya kabati. Anatabasamu. Ananyoosha mikono kama anayetaka kubebwa.

Siku moja mabega yake yakainuka kutoka mkekani. Kidogo tu. Kama mtu ameshikwa kwapani.

Kila mama anaijua harufu ya utosi wa mwanawe. Wa kwangu ulikuwa maziwa, na kitu kingine kama shuka lililotoka juani. Mchana ule nilikuwa namnyonyesha, nikainama kumbusu, na kwenye utosi wa mwanangu nikanusa mwanaume. Mtu mzima. Tumbaku, mbao, koti la zamani.

Wakati huohuo sauti ikatoka chumbani, ya furaha: "Mama Kidoti! Njoo unuse! Imefunguka!"

Nikaenda na mtoto kifuani. Mume wangu ana chupa mkono huu, simu mkono ule, anawaandikia wenzake. "Ina noti mpya," akasema; noti kwao ni harufu ndani ya harufu. "Laini, tamu kidogo, kama maziwa. Nusa!"

Nikanusa kifuniko. Nikanusa tena.

Alikuwa mwanangu. Humo ndani. Na ile chupa iliyokuja nusu, sasa ilikuwa imejaa mpaka kwenye mabega yake.

Nilimfunga Kidoti mgongoni nikaenda kwa mshonaji. Alikuja mlangoni na futi ya kupimia shingoni, na kabla sijamwamkia akarudi nyuma hatua.

"Nilimwambia ajipake mwenyewe," akanong'ona.

"Mama, hiki ni kitu gani?"

"Sijui, mwanangu. Nimekaa na mume maisha yangu yote, nikimkumbatia nanusa chupa. Alipokufa nilimwinamia." Akashika ile futi. "Hakuwa na harufu yoyote. Hata ile ya maiti."

"Nifanyeje?"

Akamtazama mtoto. "Kilicho chake bado kimo. Kirudishe kabla hakijazoea."

Akafunga mlango.

Nilifika nyumbani nikatia maji kwenye beseni lilelile la nepi. Nikamketisha Kidoti. Nikaing'oa shingo ya chupa kwa koleo la mume wangu mwenyewe. Yeye akatokea mlangoni.

"Unafanya nini? Mke wangu, hiyo haitengenezwi tena!"

"Na huyu je? Huyu anatengenezwa wapi?"

Nikamimina. Yote, juu ya utosi. Na mume wangu aliruka, ndiyo, aliruka, nikadhani anamkimbilia mtoto. Alikinga viganja. Alipiga magoti akakinga viganja vyake chini ya chupa, asipoteze.

Kidoti kimya. Maji kimya.

Mtu akavuta pumzi. Ndefu, kwa pua. Si mimi. Si mume wangu, yeye alikuwa analia.

Halafu mwanangu akapiga ukelele. Nikamnyanyua, nikazika pua utosini. Maziwa. Shuka la juani.

Baba yake alikuwa bado kapiga magoti, anajipaka ile iliyobaki viganjani: shingo, uso, nyuma ya masikio. "Isipotee," anasema. "Isipotee."

Nikahamia kwa dada yangu jioni ileile.

Juzi mchana baba yake alikuja kutusalimu. Kaleta biskuti. Katembea juani, shati limelowa mgongoni, na nilipoinama kumpokea mtoto kutoka mikononi mwake, sikunusa kitu. Wino hakuna. Jasho hakuna. Kama kuinamia ukuta.

"Mama Kidoti," akaninong'oneza, anang'aa kwa furaha, "chupa nimeiziba, na inajaa tena yenyewe. Ina noti mpya. Wino, chuma cha moto, jasho kwa mbali. Wenzangu wote wanaililia."

Akanipa kizibo ninuse. Alikuwa yeye. Yule fundi niliyempenda kabla ya pua kumharibu.

"Kaimwage, Baba Kidoti. Jimwagie yote leo hii."

Akafunika mfuko wake kwa mkono. "Niimwage? Haitengenezwi tena."

Mpumbavu. Nilimwangalia anavyotoka getini, na machozi yalinitoka, lakini mpumbavu.

Kidoti alimpungia dirishani mpaka akapotea kwenye kona. Kisha akageuka chumbani, kwenye kiti kilichokuwa pembeni ya kile alichokalia baba yake. Akakipungia nacho. Akanyoosha mikono.

Nilimuwahi kabla mabega hayajainuka.

Hakuna aliyekuwa amekaa kwenye kiti hicho siku nzima, lakini mto wake umebonyea katikati. Dada ameuanika, ameukung'uta, ameugeuza. Upande wa pili nao umebonyea.