Doa Dogo Pembeni

Giza lilikuwa linaanza kuingia Bi Flashi aliposhusha mlango wa studio yake na kwenda kununua kamera iliyotumika. Ile ya zamani ilikuwa imekata roho asubuhi, mbele ya mteja aliyekwisha kukaa sawa na kubana tumbo. Bila kamera hakuna picha za vitambulisho, na bila picha za vitambulisho Bi Flashi ni mwanamke mzima aliyekaa dukani na pazia jeupe.

Matangazo ya wauzaji aliyajua kama anavyojua magoti yake. "Kama mpya" maana yake mwenyewe ameifuta kwa shati. "Imetumika kidogo" ni sawa na mume anayesema anakunywa kidogo. "Alama ndogo za matumizi" maana yake ilishuka ngazi bila mwenyewe. Na "inauzwa kama ilivyo" maana yake usinipigie tena simu. Lakini tangazo hili lilimpendeza. Liliandikwa: "Hali nzuri. Doa dogo pembeni. Haliathiri picha."

Mtu anayekutajia doa kabla hujaliona, alijiambia, bado ana haya usoni.

Muuzaji alikuwa fundi saa mstaafu, mwembamba, amefunga vifungo vya shati mpaka kooni. Nyumba yake ilinuka nguo iliyoanikwa ndani ikakosa hewa. Ukutani alitundika picha nyingi, zote za kiti kimoja. Kiti kitupu dirishani, kiti kitupu uani, kiti kitupu mezani penye chakula. Bi Flashi akasema moyoni, huyu naye ni wale wasanii.

"Naweza kuijaribu, mzee wangu?"

"Jaribu. Lakini piga ukuta. Usinipige mimi."

"Kwani unatafutwa?"

Mzee akamsogezea kamera.

Ukuta ndio hasa aliotaka Bi Flashi. Kila anayenunua kamera ya mtu hufanya hivyo: unabana tundu la lenzi mpaka mwisho, unapiga ukuta mweupe, kisha unaikuza picha. Kila chembe ya vumbi iliyojificha ndani itajitokeza hapo. Akapiga. Akakuza. Chini kabisa, pembeni kushoto, palikuwa na doa la kijivu kama alama ya kidole.

"Nimeliandika," mzee akanong'ona. "Sijaficha kitu."

"Vumbi tu hilo. Nitalipuliza."

Mzee akapokea pesa bila kuzihesabu. Kisha akamsindikiza haraka mpaka nje, akafunga mlango, na Bi Flashi akamsikia anashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Nyumbani kwake palikuwa kimya. Studio mbele, chumba na jiko nyuma, na redio aliyoiacha ikiongea mchana kutwa ili asisikie kijiko chake mwenyewe. Mume aliondoka siku nyingi, na hakuna aliyemlilia. Binti yake alikuwa na maisha yake mji mwingine. Hupiga simu akikumbuka, na kabla hujamaliza kumsalimu, "Haya mama, nitakupigia."

Akaifungua kamera, akapuliza ndani kwa pampu ya mpira, akafuta kioo taratibu. Akapiga pazia lake jeupe, lenye kiti cha wateja mbele yake.

Doa lilikuwepo. Lakini sasa lilikuwa katikati ya picha.

Akabadilisha lenzi, akapiga tena. Doa lilikuwa kubwa zaidi, limesimama nyuma ya kiti. Lilikuwa na mabega.

Vumbi halitembei.

Akageuza kamera, akapiga mlango. Safi. Akapiga dirisha. Safi. Akarudi kwenye kiti.

Klik.

Mbele yake kiti kilikuwa kitupu. Kwenye picha…

Lilikuwa limekaa. Mgongo wima, mikono mapajani, kichwa kimenyooka, kama mteja anayesubiri kuambiwa tayari. Mahali pa uso hapakuwa na kitu, ukungu tu. Na ile harufu ya nguo isiyokauka ikaanza kuingia studio, polepole…

Alifunika kamera kwa taulo, akaenda kujifungia chumbani na redio yake. Kesho yake aliwaambia wateja mashine ni mbovu. Alimpigia mzee simu asubuhi, mchana, alasiri. Hakupokea.

Magharibi ilipokaribia, mlango ukagongwa. Binti yake, na begi mgongoni.

"Mama! Usinitazame hivyo, mimi si polisi."

"Umefukuzwa?"

"Nimepata kazi! Wanataka picha ya kitambulisho. Nikasema sipigwi na mtu mwingine, nakwenda kwa mama."

Bi Flashi hakuwa mtu wa machozi, akasingizia vitunguu ingawa hakuwa amekata hata kimoja. Akamshika binti mashavu, akamwambia amekonda, akamwambia amenenepa. Akaenda jikoni kuinjika chai, na hapo simu ikaita.

Mzee. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Dada, naomba kamera yangu."

"Leo ndiyo unaniomba? Uliniuzia nini wewe?"

"Nilidhani nitapumzika. Sasa nyumba imenyamaza, siiwezi. Mke wangu aliondoka, yule akabaki. Ndiye niliyekuwa nakaa naye."

"Mkeo alikwenda wapi?"

"Alianza kuondoka kwenye picha." Mzee akashusha sauti. "Nilikuwa nampiga kwenye kile kiti kila jioni. Kila picha yeye anarudi nyuma, yule anakuja mbele. Nikafikiri ni lenzi. Halafu siku moja nikaamka, upande wake wa kitanda umepoa…"

Bi Flashi akazikumbuka picha zile za ukutani. Kiti kile hakikuwa kitupu zilipopigwa.

"Dada, usimpige mtu wako. Umesikia? Huwa anajibanza kwa aliye mpweke, kisha anamwondolea waliobaki."

Kutoka studio, nyuma ya ukuta, ikasikika sauti moja ndogo.

Klik.

"Mama!" binti akaita kwa furaha. "Umenunua nyingine! Nimeitegea saa yake ikapiga yenyewe, njoo uone, nimetoka vibaya."

Bi Flashi hakukumbuka alivyofika. Kiti ni kile kile, hatua chache tu kutoka kwenye stendi ya kamera. Lakini kwenye picha binti yake alikuwa mbali, mdogo, kama amepigwa kutoka ng'ambo ya barabara. Uso umefifia. Na mbele yake, karibu sana na lenzi, bega moja la kijivu.

"Imekosa nini?" binti akauliza. "Mbona naonekana kama marehemu?"

"Nyamaza!"

Bado alikuwa ameshika simu. Akaisogeza mdomoni, akanong'ona, "Ameshapigwa. Nifanyeje?"

"Humwacha anayefukuzwa, akabaki na aliye mpweke," mzee akajibu. "Nilichelewa kujua. Nilipaswa kumfukuza mke wangu akiwa bado anaonekana."

Simu ikakatika.

Bi Flashi akamtazama mwanawe. Viatu vya kuazima, nywele zimechanwa vizuri kwa ajili ya picha. Ulimi wake ulikuwa na sifa mtaa mzima, na kwa mara ya kwanza alitamani usiwe mkali.

"Kwa hiyo ulikuja kwa ajili ya picha ya bure," alisema.

"Mama?"

"Ungepata wa kukupiga huko huko, ningekuona? Nimeumwa, hukuja. Sikukuu zinapita, hukuja. Leo unataka kitu, ndiyo umeijua njia."

"Mama, nilikuwa sina…"

"Ulikuwa huna mama. Na leo pia huna. Chukua begi lako."

Maneno yalikuwa na ukweli nusu, ndiyo maana yalikata. Binti hakulia. Alikunja midomo kama baba yake, akavaa begi, akatoka bila kufunga mlango.

Bi Flashi akaufunga. Akaenda akakaa kwenye kiti, akaiwekea kamera saa yake, akajipiga. Akajipiga tena. Na tena, mpaka shingo ilipopata baridi kama ya kitambaa kibichi.

"Haya," akanong'ona bila kugeuka. "Mimi ndiye sina mtu. Kaa nami."

Alipoifungua tena picha ya binti, uso ulikuwa umerudi karibu, safi, kila nywele mahali pake. Pembeni hapakuwa na doa.

Hapo ndipo alipokilaza kichwa mezani.

Tangu hapo aliishi hivyo. Mzee alipiga simu jioni kwa jioni akiomba kamera yake, akibembeleza kama mtoto, na Bi Flashi akamkatalia. Akimpa, yule atabaki pale au atakwenda barabarani kumtafuta binti aliyeanza kumfifisha? Nani ajuaye? Heri akae naye mwenyewe. Aliacha kuwasha redio. Alikula akiwa amegeukia ukuta. Katika picha alizojipiga alizidi kuwa mdogo, akawa kama punje nyuma ya mgongo wa kijivu, lakini alisema kwa umri wake sura si kitu cha kugombania.

Na binti hakupiga simu. Kila siku ambayo hakupiga, mama yake alilala na nafuu na kidonda kwa pamoja.

Mpaka juzi, jua linazama, simu ikatoa mlio. Ujumbe. Bi Flashi akausoma amesimama.

"Mama yangu, yameisha, tusiwekeane kinyongo. Nimefurahi kusikia hukai tena peke yako. Mgeni wako amenipigia, ana sauti ya upole sana, tumeongea karibu saa nzima. Ameniambia yote uliyoshindwa kunieleza. Nimeshapanda gari, usiku huu nipo hapo. Anasema tukae wote watatu kwenye kiti, tupige picha moja nzuri."

Bi Flashi akampigia. Simu ikaita, ikapokelewa.

"Bi Flashi," ikasema sauti ya upole, iliyo karibu sana, na mngurumo wa gari nyuma yake. "Mwache mtoto alale. Safari ni ndefu."