Viatu vya Februari

Siku mbili kabla ya tarehe kumi na nne Februari, ghorofa ya chini ya duka moja kubwa la Tenjin, mjini Fukuoka, Japani, ilikuwa na wanawake wapatao mia tatu na mwanamume mmoja. Wanawake walikuwa kwenye foleni ya chokoleti. Mwanamume naye alikuwa kwenye foleni, amevaa koti la sufu la kijivu, wala hakuonekana kuona haya.

"Kaka, umepotea," alisema mwanamke aliyekuwa nyuma yake. "Mwezi huu sisi ndio tunaotoa. Zamu yenu ni Machi."

"Sijapotea. Najinunulia mwenyewe."

"Maskini! Hata mmoja wa kukupa hayupo?"

"Ofisini watanipa wote, kwa adabu, kama wanavyompa bosi. Nataka moja isiyo ya adabu."

Mwanamke alicheka kwa sauti, jambo lisilo la kawaida katika foleni ile. Aliitwa Chizuru Wakamiya, fundi viatu wa miaka ishirini na tisa, mwenye skafu nyekundu na vidole vilivyokolea rangi ya kupakia viatu. Kikapuni mwake mlikuwa na paketi tisa ndogo za wanaume tisa wa karakana yake. Alitoa moja akamtupia.

"Haya, shika. Kuna mzee mmoja kule kazini atanuna wiki nzima, na lawama ni zako."

Mwanamume yule alikuwa Bae Gi-tae, mhandisi wa bandarini, mzaliwa wa Busan, Korea, ng'ambo ya bahari. Tarehe kumi na nne Machi alimrudishia Chizuru boksi la peremende, kama inavyompasa mwanamume aliyepewa. Maua ya mcheri yalipopukutika, walikuwa wapenzi. Baba yake Chizuru alisema Wakorea hawakawii kurudi kwao. Mama yake Gi-tae aliuliza kwa simu kama wanawake wa Busan wameisha.

Februari iliyofuata Chizuru aligoma. Aliwaambia wale wanaume tisa kwamba anayetaka sukari ajinunulie. Badala ya chokoleti alimshonea Gi-tae viatu vya ngozi ya kahawia, kwa mkono, kwa siku thelathini na moja.

Gi-tae alifunua boksi, akalifunika.

"Asante. Ni vizuri."

"Basi vijaribu, mpenzi."

"Baadaye."

Hakuvijaribu. Tarehe kumi na nne Machi hakuja, na hakutuma kitu. Chizuru alilijua jibu hilo tangu shule ya msingi: aliyepokea Februari asiporudisha Machi, amekataa, na anayejiheshimu haulizi sababu. Alijiheshimu kwa mwezi mzima. Tarehe kumi na tatu Aprili heshima ilimchosha, akapiga simu.

"Machi imepita," alisema. "Nilikuelewa. Ila nataka unitamkie mwenyewe."

"Mimi nikutamkie? Wewe ndiye uliyenifukuza."

"Lini?"

"Uliponipa viatu."

"Ulitaka soksi?"

"Chizuru, usinitanie. Kwetu wazee husema aliyepewa viatu na mpenzi wake atakimbia; kumpa ni kumwambia aondoke. Mama alisema umenifukuza kwa adabu, kama kawaida yenu."

"Na wewe ukamwamini mama, ukaacha kuniuliza mimi."

"Niliona aibu kuuliza."

"Siku thelathini na moja, Gi-tae! Mtu wa kumfukuza ningemshonea kwa mashine. Uko wapi?"

"Busan, kwa mama. Nimeomba uhamisho. Keshokutwa natia sahihi."

"Viatu umevitupa?"

"Sikuweza. Ninavyo hapa."

"Usitie sahihi," alisema, akakata simu.

Kesho yake alipanda meli ya mchana, akafika Busan jioni. Ilikuwa tarehe kumi na nne Aprili, siku ambayo Wakorea wasiopewa kitu Februari wala Machi hula tambi za mchuzi mweusi na kujionea huruma. Mkahawa wa mama yake Gi-tae ulikuwa umejaa watu wa namna hiyo, wameketi sakafuni, viatu vyao vimepangwa mlangoni. Chizuru alivua vyake, akaingia. Gi-tae alikuwa pembeni, bakuli liko mbele yake, mdomo umepakaa mchuzi.

"Futa mdomo," Chizuru alimwambia. "Nimekuja kugombana, sitaki kucheka."

Mama mtu alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Wewe ndiye wa viatu?"

"Ndimi, mama. Shikamoo." Kikorea chake kilikuwa cha madarasa ya jioni, lakini kilinyooka.

Mama alimpima kuanzia skafu hadi vidole. "Dawa ipo," alisema hatimaye. "Mwanangu akupe sarafu moja, ihesabike amevinunua. Mkosi umekwisha, kila mtu anakula kwa amani."

Gi-tae alitia mkono mfukoni.

"Usitoe!" alisema Chizuru. "Sikuviuza. Nimekupa, na zawadi yangu haiombi radhi. Kama vitakuondoa, vikuondoe sasa hivi, mimi nikitazama."

Wateja waliacha kutafuna. Gi-tae aliitazama sarafu kiganjani, akairudisha mfukoni. Alikwenda kwenye kabati, akatoa boksi, akaketi kwenye kizingiti na kuvivaa viatu, cha kulia kisha cha kushoto, akafunga kamba taratibu. Vilimkaa barabara. Alisimama, akafungua mlango, akatoka.

"Si nilisema?" mama alimaka. "Si nilisema mimi?"

Chizuru hakusogea.

Mlango ulifunguliwa tena. Gi-tae alichungulia kutoka nje.

"Chizuru, unangoja nini? Vaa vyako, twende nyumbani."

"Na hizo karatasi za uhamisho?" mama alipaza sauti.

"Funga nazo vitunguu, mama."

Chizuru alishavaa kiatu kimoja. Mama alisimama katikati ya mkahawa, mwiko juu, akiutazama mkono wa mwanawe ulioishika skafu nyekundu.

"Wazee walisema atakimbia," aliwaambia wateja. "Hawakusema atakimbia na nani."

Kisha aliinama, akalitwaa bakuli la Gi-tae lililokuwa nusu, akamwekea mteja wa jirani.

"Kula wewe. Yule tambi hizi hazimhusu tena."