Mume Anayeanguka Kabla ya Kupigwa

Mtaa mzima ulijua kwamba msusi anajifunza kupigana. Wangeachaje kujua, na vile vishindo sebuleni? Kila jioni meza ilisogezwa kando, msusi akatazama video kwenye simu, kisha mumewe, seremala, akaitwa aje awe mwizi.

"Nishike!"

Mume akamshika. Msusi akarusha teke. Mume akaenda chini, puu, kama gunia.

"Umeniua, mama watoto!"

Msusi alicheka, lakini moyoni hakuwa na raha. Juzijuzi mtu alimvuta mkono kwenye uchochoro wa nyuma ya saluni, akaponea chupuchupu. Tangu hapo alikuwa akifunga mapema, na wateja wa jioni walianza kumhama. Hofu hii isipoisha, saluni itakufa.

Jirani yao, mwanamke anayefundisha mieleka, alichungulia mlangoni. Wote walimwita Kocha.

"Jamani, mnabomoa nyumba?"

"Karibu, dada! Njoo uone teke langu."

Kocha akaliona. Akamgeukia seremala. "Shemeji, mbona umeanguka kabla mguu haujakufikia?"

Seremala akajikuna kichwa. "Nisipoanguka, chakula nitapewa?"

Walicheka hadi machozi. Kisha Kocha akamshika msusi mkono. "Jitoe. Mimi sianguki."

Msusi akavuta. Wapi! Akajaribu teke, gauni likambana, akayumba.

"Kumbe sijui kitu!"

"Hujajaribiwa tu. Mwizi hana huruma kama bwana huyu."

"Basi nijifunze nini? Karate? Ndondi?"

"Jina la mchezo liache kwanza. Nenda kaangalie darasa lenyewe. Je, wanashikana kwelikweli, mpaka anayeshikwa anapata shida kujitoa? Hapo pana kitu. Wakipiga hewa tu, wanajenga mwili. Na mwalimu akikuahidi utawaangusha wanaume watano, aga uondoke."

"Na mwalimu mzuri je?"

"Anafundisha mambo machache, tena na tena. Kwanza, kukwepa shari: simu mfukoni, macho mbele, pita penye watu. Mtu akitaka mkoba, mwachie. Akikushika wewe, piga kelele, jitoe, kimbia. Usibaki kumaliza ugomvi. Haya, tazama: mshiko wangu ni dhaifu wapi?"

Msusi akaukagua mkono ule kama anavyokagua nywele za mteja. "Hapa. Kidole gumba kinapokutana na vingine."

"Zungusha mkono, uutolee hapohapo. Kwa mwili wote!"

Alikwama. Akarudia. Akakwama tena. Halafu, fyu, mkono ukatoka.

Msusi alizunguka kutazama madarasa, akachagua lile ambalo watu walishikana kweli. Alifanya mazoezi na gauni lake la kazini. Nyumbani seremala naye alipewa amri mpya: "Shika kama unavyoshika randa!"

Jioni moja, kwenye kona ya soko, mkono ukamdaka tena.

"Niache!" Sauti yake ilifika mbali. Akazungusha, akachomoka, akakimbilia bucha iliyojaa watu. Wauza nyama walipotoka nje, yule mtu alikuwa ameshatimua mbio. Msusi akanywa maji, akaenda kutoa taarifa polisi.

Kesho yake saluni ilikuwa wazi hadi jioni. Habari ilikuwa imeshazunguka mtaa. Mteja mmoja, kichwa nusu kimesukwa, akasimama kutoka kwenye kiti na kunyoosha mkono.

"Nishike, shoga. Lakini usinionee huruma."