Ramula na Tovuti Isiyosema

Siku ya soko, mji wa Bwera huamka mapema. Watu huvuka mpaka kutoka Kongo wakiwa na mawese, maharagwe na mabunda ya vitenge. Boda boda hupiga honi. Wachuuzi huitana kwa Lhukonzo, kwa Kiswahili na kwa Kiganda. Na Ramula huwa tayari kibandani kwake, akikunja na kupanga nguo.

Ramula haoni. Aliugua macho alipokuwa mdogo. Lakini kitenge anakijua kwa vidole. Kizito anakiweka kulia, chepesi anakiweka kushoto. Akinunua bunda jipya, anauliza rangi ya kila kipande, kisha anafunga fundo la uzi kwenye pindo. Fundo moja ni nyekundu. Mafundo mawili ni bluu. Mteja akitaka kijani, Ramula anapapasa pindo na kumpa kijani. Hakosei.

Mwaka wa 2017 Ramula alikuwa mja mzito. Yeye na mume wake, Muniru, walimngoja mtoto huyu kwa hamu kubwa, kwa sababu mimba ya kwanza iliharibika. Muniru alikuwa dereva wa pikapu ya mizigo. Kila siku alipeleka kahawa na ndizi Kasese, na jioni alirudi Bwera.

Ramula alikuwa na simu inayosoma. Alipopitisha kidole juu ya kioo, simu ilitamka maneno yaliyoandikwa hapo. Alifundishwa kuitumia na Sylivia, mwalimu wa Kasese anayewafundisha watu wasioona kutumia simu na kompyuta. Kwa simu hiyo Ramula alisoma ujumbe wa wateja. Alisoma habari. Alisoma hata utani wa mashemeji zake, akacheka peke yake kibandani.

Mwaka huohuo redio ilitangaza tovuti mpya ya huduma za afya. Iliitwa Afya Mlimani. Mtangazaji alisema, "Akina mama, dalili zote za hatari wakati wa mimba mtazipata humo. Kliniki mtazipata humo. Fungueni simu zenu."

Ramula alifurahi. Sasa angeweza kusoma mambo ya mwili wake mwenyewe, bila kumwomba mtu.

Asubuhi moja aliamka kichwa kikimuuma sana. Muniru alikuwa ameshaondoka. Ramula alijaribu kuvua pete ili anawe mikono, pete haikutoka. Vidole vilikuwa vimevimba. Alikwenda sokoni hivyohivyo, akaketi, akafungua tovuti ya Afya Mlimani. Alipata ukurasa wa mimba. Akapitisha kidole.

"Picha," simu ikasema.

Akasogeza kidole.

"Picha. Kitufe. Kitufe. Kitufe."

Akabonyeza kitufe kimoja kwa kubahatisha. Muziki ukalia, kisha ukakoma. Akabonyeza kingine. Ukurasa ukarudi mwanzo.

Jirani wa kibanda cha pili angeweza kumsomea. Lakini jirani huyo husoma kwa sauti kubwa, na soko zima lingejua habari za tumbo lake. Mimba ya kwanza ilipoharibika, mambo yalikuwa hivyo. Wateja walimpa pole kabla yeye hajamwambia hata mama yake. Ramula hakutaka tena.

Alifikiri apumzike hadi Muniru arudi jioni. Lakini kwanza alimpigia Sylivia, kwa sababu alidhani simu imeharibika.

"Mwalimu, simu yangu imekufa akili," alisema. "Iko inasema picha, picha tu."

"Uko kwenye ukurasa gani?" Sylivia aliuliza.

"Ya mimba. Ya Afya Mlimani."

Sylivia alikuwa mbele ya kompyuta yake. Akafungua ukurasa uleule. "Simu yako ni nzima, Ramula. Shida iko kwa tovuti. Dalili zote wameziandika ndani ya picha. Mimi naziona kwa macho. Lakini simu haisomi maneno yaliyo ndani ya picha. Inajua tu kwamba hapa kuna picha." Kisha akauliza, "Kwa nini unatafuta dalili? Unajisikiaje?"

"Kichwa, kutoka asubuhi. Na mikono imevimba. Pete inakataa kutoka."

Sauti ya Sylivia ilibadilika. "Sikiliza, nakusomea. 'Kichwa kuuma sana. Uso na mikono kuvimba. Maumivu upande wa juu wa tumbo. Mtoto kupunguza kucheza. Ukiwa na hata dalili moja, nenda hospitali leo.' Imeandikwa leo, Ramula. Usingoje jioni."

Ramula alifunga kibanda. Akamwita dereva wa boda boda anayemjua, akamwambia aende taratibu. Njiani alimpigia Muniru. Muniru aligeuza pikapu pamoja na kahawa yake yote.

Hospitalini, nesi Loyi alimfunga Ramula kipimo mkononi. Akapima mara ya pili ili awe na hakika.

"Presha iko juu sana," alisema. "Umefanya vizuri kuja. Presha ya namna hii wakati wa mimba inaweza kumletea mama kifafa. Inaweza kuua mama na mtoto. Kuvimba mikono na uso, pamoja na kichwa kuuma, si uchovu. Ni mwili unaita."

"Na mutoto?" Ramula aliuliza.

Nesi aliweka chombo juu ya tumbo, akasikiliza. "Moyo wake unapiga vizuri."

Walimpa dawa na kumlaza. Presha ilishuka polepole. Muniru alikaa kando ya kitanda, akimpepea kwa kofia yake.

"Nimefikiria," Ramula alimwambia. "Mimi niko na namba ya Sylivia. Mutu asiye na namba yake atafanya nini? Dalili ziko pale, na yeye hawezi kuzisoma."

Muniru alifikiri. "Wenye tovuti wako Kasese. Na Kasese mimi naenda kila siku. Ukipona nitakupeleka, uwaambie wewe mwenyewe."

Nesi alipomruhusu kusafiri, walikwenda. Sylivia aliwangoja kwenye kituo cha teksi, wakaenda pamoja hadi ofisi ya Afya Mlimani. Walipokewa na Crispus, kijana aliyeitengeneza tovuti. Aliipenda kazi yake. Aliwapa viti na kuuliza kwa furaha, "Mmeionaje tovuti yetu?"

"Mimi sijaiona," Ramula alijibu. "Nimejaribu kuisikia. Haisemi."

Crispus hakuelewa. Sylivia akamwomba simu yake. Akawasha sauti ya kusoma, kisha akaifunika simu kwa ncha ya leso ya Ramula. "Tafuta kliniki iliyo karibu na Hima," alimwambia. "Tumia masikio tu."

Crispus alianza akitabasamu. "Picha," simu ikasema. "Kitufe. Kitufe. Picha." Alisogeza kidole huku na huko. Alibonyeza, akarudi mwanzo. Alijaribu tena, akarudi mwanzo tena. Jasho lilimtoka. Mwishowe aliondoa leso akacheka.

"Nimeijenga mimi mwenyewe," alisema, "na nimepotea ndani yake."

"Sasa tufanye nini?" Muniru aliuliza.

Ramula aliinua pindo la leso yake. "Mimi nauza vitenge. Rangi siioni. Kwa hiyo nafunga fundo hapa, na vidole vinaniambia. Wewe ufunge maneno kwa kila picha na kila kitufe. Simu itaniambia."

Crispus alimtazama Sylivia. "Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo kwa kuanzia," Sylivia alisema. "Nyuma ya kila picha kuna mahali pa kuandika maelezo. Mtu anayeona hayaoni, lakini simu inayasoma. Kitufe nacho kipe jina linalosema kazi yake. Na zile dalili zitoe ndani ya picha, uziandike kama maandishi ya kawaida."

Crispus alivuta kiti karibu na kompyuta. "Tuanze sasa hivi," alisema.

Aliandika kidogo. "Fungua tena, dada."

Ramula alifungua ukurasa, akapitisha kidole.

"Kitufe," simu ikasema. "Weka siku ya kliniki."

Ramula alisimama bila kujua kwamba amesimama. Alirudisha kidole palepale. "Kitufe. Weka siku ya kliniki." Akarudisha tena.

"Ongeza nyingine," alisema.

Crispus aliongeza. Simu ikasema, "Tafuta kituo cha afya." Ikasema, "Piga simu kwa nesi." Muniru alikuwa akisema "eeh" kwa kila kitufe, kana kwamba timu yake inafunga mabao. Hakuna aliyekumbuka chakula cha mchana.

Mkuu wa ofisi, Mzee Ezironi, alisikia kelele akaingia. Walimweleza. Yeye alikuwa na mashaka.

"Ni jambo zuri," alisema. "Lakini tangu tumefungua tovuti, sijasikia mtu asiyeona akiitumia."

"Mzee, kwa heshima," Ramula alisema, "wangeingia namna gani? Mlango haukuwapo."

Mzee Ezironi alisogea karibu. Aliinama kutazama kompyuta, akakunja macho. "Haya maandishi ya kijivu yanasema nini?"

"Hiyo ndiyo namba ya dharura, Mzee," Crispus alisema kwa sauti ndogo.

"Mimi mwenyewe siisomi."

"Basi tovuti hii ni ngumu kwako pia," Sylivia alisema. "Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe yanawasumbua wengi, hasa wazee. Yawe meusi, na yaweze kukuzwa."

Mzee Ezironi alivuta kiti, akaketi. "Haya. Endeleeni. Mimi nasikiliza."

Kazi haikuisha siku ile. Kwa majuma kadhaa Crispus alibadilisha, na Ramula alijaribu kutoka Bwera kwa simu yake. Simu ilitamka maneno ya Kiswahili vibaya, kama mgeni aliyeshuka kwenye ndege asubuhi. Sylivia akaeleza kwamba ukurasa haukuiambia simu ni lugha gani. Crispus akaandika lugha mwanzoni mwa kila ukurasa, na matamshi yakanyooka.

Sylivia alimleta pia Davis, seremala wa Hima ambaye hasikii. Davis alitazama video ya nesi akieleza malaria. Kisha akafanya ishara kwa mikono, na Sylivia akatafsiri. "Anasema anaona mdomo wa nesi unacheza. Anauliza nesi anasema nini." Crispus aliandika maneno yote ya nesi chini ya video. Davis aliitazama tena hadi mwisho. Kisha alimwekea Crispus mkono begani, akamwonyesha kidole gumba.

Jambo moja halikutazamiwa na mtu. Muniru alikuwa na simu ya bei ndogo, na mtandao wa barabarani ulikuwa dhaifu. Zamani ukurasa wa dalili haukufunguka kabisa, kwa kuwa picha zilikuwa nzito. Sasa dalili zilikuwa maandishi. Ukurasa ulifunguka akiwa bado njiani, amesimama kupakia mizigo. Aliwasomea wapakiaji, nao wakataka anwani ya tovuti kwa ajili ya wake zao.

Ramula alikwenda kupimwa presha kila nesi alipomwambia, na siku zake aliziweka mwenyewe kwenye simu. Alisoma juu ya chakula, juu ya usingizi, juu ya uchungu wa kuzaa. Hakuna jirani aliyejua alichosoma. Wakati ulipofika, alijifungua hospitalini mtoto wa kike. Walimwita Jamilah. Alilia kwa nguvu sana, na nesi Loyi akasema mapafu yake hayana shida yoyote.

Siku moja Jamilah alipokuwa amelala, Ramula alifungua ukurasa wa chanjo. Alipitisha kidole. Maneno yalikuja vizuri, moja baada ya jingine. Kisha simu ikasema, "Picha."

Akampigia Crispus palepale.

"Crispus, ukurasa wa chanjo. Kuna picha haisemi."

"Haiwezekani," Crispus alisema. Ramula alisikia akibonyeza kompyuta. "Kweli. Mtu wetu mpya ameiweka jana, sijamfundisha bado. Usikate simu, dada."

Ramula alingoja. Kwenye simu alisikia Crispus akimwita yule mfanyakazi mpya, akimwonyesha mahali pa kuandika. "Andika kile unachokiona," Crispus alimwambia. "Mweleze mtu aliye upande wa pili."

Kisha Crispus akarudi. "Jaribu sasa."

Ramula alifungua upya. Akaweka kidole.

"Picha," simu ikasema. "Mama amempakata mtoto. Nesi anamtilia mtoto matone ya chanjo ya polio mdomoni. Mtoto amekunja uso."

Ramula alicheka mpaka Jamilah akaamka.

"Inasema," alimwambia Crispus. "Mwambie huyo mupya ameandika vizuri. Hata uso nimeuona."

Akakata simu. Akamfunga Jamilah mgongoni kwa kitenge, akashika fimbo yake, akaenda kliniki kumpeleka mtoto kupata chanjo yake.