Baraka Iliyoishia Kitambaani

Aliyesimulia kisa hiki kwanza ni Muthoki, akipura mbaazi uani kwake Matinyani, mwezi wa nane mwaka 2023. Naye alikipata kwa dada yake mkubwa, Nduku, ambaye ndiye yaliyomkuta. Muthoki hakuongeza chumvi. Alipoulizwa jambo asilolijua, alisema hajui.

Nduku alianza kunusa mchanga kabla supu haijaletwa. Haikuwa harufu ya vumbi la barabarani. Ulikuwa mchanga wa mtoni, ule mbichi unaochimbuliwa wakati wa kiangazi kutafuta maji, na haukuwa na kazi pale, katika hoteli mpya ya mjini Kitui yenye madirisha ya vioo yaliyofungwa, meza zenye vitambaa vyeupe na weita waliovaa kama maharusi. Alichungulia chini ya meza, akatazama viatu vya mama yake. Vilikuwa safi. Yeye mwenyewe ndiye aliyevipiga rangi asubuhi ile, asije akaaibishwa.

Walikuwa wamekuja kumsherehekea Kathini, binti yake, aliyepata kazi ya kusoma habari kwa Kikamba katika redio moja ya hapo mjini. Mezani alikuwapo Mwau, mume wa Nduku, Muthoki, na bibi Kasiva, mama yao Nduku na Muthoki, aliyeletwa kutoka Matinyani.

"Hii kuku ilikuwa mgonjwa?" Mwau aliuliza, akigeuza kipande kidogo kilichokaa peke yake katikati ya sahani kubwa.

"Baba, hiyo ni ya kuonja tu," Kathini alisema.

"Haya. Tukifika kwa kula mniamshe."

Muthoki alicheka hadi akafuta machozi. Nduku hakucheka. Meza ya pili aliketi mke wa mchungaji wao, na Nduku alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani. Kwenye kona ya nyuma aliketi mtu peke yake, amevaa suti ya rangi ya udongo, mbele yake hapana sahani wala glasi. Alikuwa akimtazama Kasiva.

Kasiva alisimama akamshika mjukuu wake bega. "Kathini wangu," alisema kwa sauti iliyofika meza zote, "pale utakapofungua mdomo, watu wanyamaze. Neno lako lisikose masikio." Kisha akajaza maji mdomoni na kuinama kuelekea kifua cha msichana, ampulizie baraka, kama alivyompulizia kila mtoto wake aliyekuwa akianza safari. Kathini alikuwa tayari amefungua kola.

"Mwaitu, mama yangu, si hapa," Nduku alinong'ona. "Watu wanaangalia." Akachukua kitambaa cha mezani akamziba mama yake mdomo.

Kasiva alimtazama juu ya kitambaa kile. Hakuwa na pa kuyapeleka maji. Aliyaachia humo. Nduku alikikunja upesi, akakiweka kwenye kiti kitupu nyuma yake.

"Tutafanya nyumbani, mwaitu."

"Haifanywi mara mbili," Kasiva alisema, akaketi.

Ndipo Nduku aliposikia, karibu kabisa na sikio lake, sauti ya adabu kama ya mtoto anayeshukuru: "Nimepokea." Aligeuka. Kitambaa hakikuwa kitini, na pale konani hapakuwa na mtu. Alijiambia kwamba weita ndiye aliyekichukua.

Asubuhi Kathini aliamka hana sauti. Hakuwa amekauka koo kama mwenye mafua. Alifungua mdomo na hakutoka hata mlio. Alikunywa jagi zima la maji, na ulimi wake ukabaki mkavu kama karatasi. Daktari alimmulika, akasema koo ni safi, akampa vidonge.

Siku ya kuanza kazi ilipofika, Nduku alikuwa akikata sukuma wiki na kupanga atakavyopiga simu redioni aombe radhi, alipoisikia sauti ya binti yake kwenye redio ya jirani, ikisoma habari za mchana, haina haraka wala kigugumizi, ikitaja Mwingi na Tawa kwa utamu ambao Kathini hakuwahi kuwa nao, naye akaacha kisu akakimbilia sebuleni akiwa na matumaini ya kijinga kwamba msichana amepona na kutoka bila kuaga, akamkuta palepale kwenye kochi, mikono magotini, midomo imepasuka, akijisikiliza.

Jioni hiyohiyo mke wa mchungaji alipiga simu. "Mama Kathini! Huyo mtoto amesoma hadi nikaacha ugali ukaungua!"

Nduku akasema, "Ni Mungu tu, dada yangu. Asante."

Alimwambia Muthoki baadaye kwamba dhambi yake halisi ilianzia kwenye asante ile, wala si kwenye kitambaa. Kwa maana siku zilizofuata alipongezwa sokoni akapokea, akapongezwa kanisani akasimama na kupunga mkono. Wageni walipobisha hodi alimfungia Kathini chumbani na kusema yuko kazini. Mwau alipotaka kuwaita wazee waombe, alimkataza: "Ngoja kidogo. Mambo yatajipanga."

Ila Kathini alizidi kukauka. Ngozi ya viwiko vyake ilimwagika shukani chembe chembe, na chumba chake kikanuka mto uliochimbuliwa. Kadiri alivyokauka ndivyo sauti ile ilivyozidi kuwa nzuri.

Alasiri moja Nduku aliichomoa redio ukutani, kwa kuwa kichwa kilimuuma, akaketi jikoni kuchambua mchele, na sauti haikunyamaza, iliendelea kutoka hapo penye sufuria, taratibu, haisomi habari tena bali inaongea kama mtoto aliyerudi nyumbani amechoka, ikamuuliza, "Mama, umekula?", naye, kabla hajajua analofanya, na kwa upole ambao hakuwa amempa binti yake tangu siku ya ile hoteli, akajibu, "Nimekula, mwanangu."

Akainua macho. Kathini alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

Nduku hakungoja hata kufunika mchele. Alienda Matinyani akiwa na aproni, akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mwaitu, nimekosa. Rudisha."

"Nirudishe nini? Niliita, nikatoa, na kuna aliyepokea. Ulikiacha chakula wazi ukashangaa nzi?" Kasiva hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Nduku zaidi. "Baraka yangu juu ya huyo mtoto imeisha. Lakini wewe unayo ile niliyokupulizia siku unaolewa. Hiyo unaweza kumpa. Ukimpa, wewe huna tena. Na utampa palepale ulipoona haya."

"Nifanyie hata kanisani, mwaitu. Si pale."

"Kwani aliyechukua anakaa kanisani?"

Walienda Jumapili baada ya ibada, wakati hoteli imejaa watu wa kanisa lao. Mwau alimshikilia Kathini, aliyekuwa mwepesi kama tita la vijiti. Redio ya hoteli ilikuwa ikisoma habari za saa saba kwa sauti yake, na vijiko vilikuwa vimetulia kwenye sahani, watu wanasikiliza. Nduku alisimama, akachukua glasi ya maji.

Sauti ikaacha habari katikati ya neno.

"Mama," ilisema, na wote wakageukia redio, "usinitoe, mama, huyo hata hawezi kukuita jina, mimi nimekutajisha mji mzima, sijakuaibisha hata siku moja, na wewe unajua, uliniita mwanangu ukiwa peke yako, hakuna aliyekulazimisha, basi sema sasa mbele yao ni yupi uliyemtaka kati yetu."

Mke wa mchungaji alikuwa ameweka mkono mdomoni. Swali lile lilikuwa na jibu, na Nduku alilijua. Alijaza mdomo, akafungua kola ya binti yake mbele ya watu wote, akampulizia kifuani maji yote hadi tone la mwisho.

Redio ikatoa mlio kama mchanga unaomwagwa juu ya bati, ikazima. Kathini alikohoa. Alikohoa tena. "Maji," alisema, kwa ile sauti yake ya zamani yenye mikwaruzo, akanyweshwa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile maji yakamlowesha ulimi.

Kasiva alifariki mwaka uliofuata, amezikwa Matinyani. Mwau yu hai. Muthoki yu hai. Kathini yu hai. Redioni walisema sauti yake imeharibika wakamwachisha kazi, naye sasa anafundisha shule ya msingi Tawa, na ana mtoto wa kike. Nduku yu hai pia. Siku mtoto alipotolewa nje, wanawake wa ukoo walimpulizia mmoja baada ya mwingine, na Kathini akamletea mama yake kikombe. Nduku alijaza maji mdomoni, akamtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, kisha akayameza.